Umri wa Ridhaa na Butura ya Binti Zetu

Tunapotaja utamaduni wa taifa, wengi wetu hufikiri ngoma, mavazi, vyakula na hadithi za wazee. Hayo yote ni utamaduni, lakini si utamaduni wote. Namna taifa linavyomlinda mtoto wake, na namna linavyomwambia mtu mzima kwamba hapa ndipo ukomo wako, nayo ni sehemu ya utamaduni, tena ni sehemu iliyo nyeti kuliko ngoma. Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza mwezi Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba kazi yake itakuwa kutafuta yaliyo bora katika mila za makabila yetu yote na kuyafanya kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa. Neno lililo zito katika maelezo hayo ni yaliyo bora. Aliyetutaka tuchague hakututaka tubebe kila tulichokikuta njiani.

Katika makala hii tunakusudia kulichagua jambo moja na kulikataa lingine. Tunataka kuzungumzia umri wa ridhaa, yaani ule umri ambao kabla yake sheria haikubali kwamba mtoto ameridhia kuingiliwa, hata akisema ndiyo. Tutauliza sheria ya namna hii ina shabaha gani, na je, ina haki. Jibu letu twalitoa mapema ili msomaji asipapase: shabaha yake ni njema, lakini haki yake hupotea mara tu sheria hiyo inapokubali kuwekwa kando kwa sababu ya mahari.

Desturi ya butura

Sisi tunaoandika ni walimu tuishio Ndama, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Hapa, kama ilivyo kwa ndugu zetu wa Kyerwa tuliokuwa nao wilaya moja hadi miaka ya karibuni, maisha ya watu yamejengwa juu ya migomba na mibuni. Mwenye kutujua anajua pia ugonjwa wetu uitwao butura. Mkulima aliyebanwa na dhiki, pengine kwa ugonjwa, msiba au karo, humwendea mwenye fedha na kumwuzia kahawa ikiwa ingali maua au ikiwa ingali mbichi mtini. Bei huwa ya kutupa. Siku ya mavuno, mwenye fedha huja na magunia yake akavuna, na mkulima husimama kando akitazama jasho lake likichukuliwa. Viongozi wetu wamelikemea jambo hilo kwa miaka mingi, vyama vya ushirika vimelipiga vita, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesimama hadharani kulitetea. Sote twakubali kwamba butura ni unyonyaji, kwa kuwa humkamata mtu katika saa ya udhaifu wake na kumnunulia kesho yake kwa bei ya leo.

Basi twauliza: binti wa miaka kumi na mitano anapotolewa shuleni akaozwa kwa mwanaume mwenye umri wa baba yake, kwa sababu nyumbani kuna deni au kuna njaa, hilo tuliite nini? Nalo limefanyika katika saa ya dhiki. Nalo limeuza kitu ambacho hakijaiva. Nalo limempa mwenye fedha mavuno ya miaka mingi kwa malipo ya siku moja. Tofauti ni kwamba butura ya kahawa twaifanya kwa kunong'ona, ilhali butura ya binti twaipigia ngoma na kuinywea pombe ya ndizi. Tena mkulima aliyeuza maua ya mwaka huu bado anao mbuni wake kwa mwaka ujao. Binti aliyeuzwa hana ujana mwingine.

Maana ya umri wa ridhaa

Wako wanaoidhihaki sheria ya umri wakisema: je, akili huingia kichwani usiku wa manane wa siku ya kuzaliwa? Aliyekuwa mtoto jana amekuwaje mtu mzima leo? Swali hili laonekana la werevu, lakini limekosa shabaha. Sheria haikudai kamwe kwamba akili huja kwa kalenda. Sheria imeweka mpaka, na kila mpaka una mahali pa kuanzia. Katika nchi yetu mtu hapigi kura kabla hajatimiza miaka 18. Hatusemi kwamba kila mwenye miaka 17 ni mjinga na kila mwenye miaka 18 ni mwanafalsafa. Twasema kwamba taifa haliwezi kumpima kila mmoja kwa mizani yake, kwa hiyo limechagua alama moja inayoonekana na wote.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ambalo wenye dhihaka hulisahau. Sheria ya umri wa ridhaa haizungumzi na mtoto, bali huzungumza na mtu mzima. Haimwambii binti kwamba akipenda atafungwa. Humwambia mwanaume kwamba neno la mtoto si kinga kwake. Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu ridhaa ya kweli hutaka watu wawili wanaoweza kukataa. Binti anayetegemea chakula kwa baba yake, aliyefundishwa tangu utotoni kuwapigia magoti wakubwa, aliyeahidiwa sare na mwenye duka au alama na mwalimu, hana uwezo huo. Ndiyo yake ni ndiyo ya aliyefungwa mikono. Na hapa sisi walimu hatuna budi kujitazama wenyewe kwanza, maana mamlaka tuliyopewa darasani ni miongoni mwa yale ambayo sheria hii ilitungwa kuyazuia yasigeuzwe kuwa mtego.

Mila si ngao ya mkosaji

Hoja inayosikika mara nyingi ni kwamba umri wa kuhesabu miaka ni jambo la kigeni, na kwamba babu zetu walioa mabinti wadogo na dunia haikuanguka. Tuichunguze hoja hii kwa utulivu.

Kwanza, si kweli kwamba utoto wa binti ni jambo la kulindwa na wageni tu. Katika Uingereza kwenyewe, sheria ya mwaka 1275 iliweka umri huo kuwa miaka 12. Ulipandishwa kuwa 13 mwaka 1875, na kuwa 16 mwaka 1885, baada ya mwandishi wa gazeti W. T. Stead kufichua biashara ya mabinti maskini katika jiji la London. Hao waliojiita wastaarabu walikuwa wakiwatuma wamisionari wao kwetu ilhali mabinti wao wenyewe walikuwa wakinunuliwa vichochoroni. Kwa hiyo ulinzi wa mtoto si zawadi ya Mzungu. Ni pambano ambalo kila taifa limelazimika kupigana na wenye nguvu wake.

Pili, kilio cha mila si kipya. Nchini India mwaka 1891 umri wa ridhaa ulipandishwa kutoka miaka 10 hadi 12, hata kwa wake wa ndoa, baada ya binti mdogo wa Bengali kufariki kwa kuingiliwa na mumewe. Wakubwa wengi walipinga, akiwamo mpigania uhuru mashuhuri Bal Gangadhar Tilak, wakidai kwamba serikali ya kigeni haina haki ya kuingilia dini na mila. Kwamba mkoloni hakuwa na haki ya kuwatawala, twakubali bila kusita. Lakini binti yule hakuuawa na mkoloni. Na sisi leo hata kisingizio hicho hatunacho. Bunge ni letu, mahakama ni zetu, na watoto ni wetu.

Tatu, mila zetu wenyewe hazikuwa holela kama wanavyodai wanaozitumia. Babu zetu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, lakini walikuwa na mipaka. Binti alifundishwa na shangazi zake, akapimwa kazi zake, akangojewa. Ndoa ilikuwa jambo la koo mbili zilizofahamiana, na mume mkatili alikuwa na wa kumjibu. Fedha ilipoingia, mambo mengi yaligeuka. Mahari iliyokuwa alama ya undugu ikaanza kupigiwa hesabu kama bei, na mgeni mwenye noti akaweza kumpita jirani mwenye adabu. Yule anayeoza mtoto leo ili alipe deni dukani, kisha akasema anafuata mila, ameyatupa mafundisho ya shangazi na kubakiza mahari peke yake. Huko si kuhifadhi mila, ni kuipora.

Nne, husemwa kwamba binti akishavunja ungo amekuwa mwanamke. Mkulima wa kahawa asingesema hivyo. Mbuni ukitoa maua hatusemi umezaa. Twangoja hadi tunda liwe jekundu, na aliyechuma mbichi hupata hasara. Mwili unaoanza kukomaa haujakomaa. Wakunga wetu wanajua hatari za uzazi wa utotoni: uchungu unaokawia kwa sababu nyonga hazijapanuka, na fistula inayomfanya binti atengwe na hata yule aliyemwoa.

Mizani mbili katika sheria moja

Sasa tuje kwenye sheria zetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa hatua kubwa. Kabla yake, Mtanzania Bara aliozwa kwa mila yake, au kwa dini yake, kila kundi na njia yake. Serikali ilitoa mapendekezo yake kwa wananchi mwaka 1969, yakajadiliwa, na hatimaye ikapatikana sheria moja iliyosema kwamba ndoa ni hiari ya watu wawili. Hilo twalisifu. Lakini katika mapatano yale binti ndiye aliyepunjwa. Kifungu cha 13 kiliweka umri wa mwanaume kuwa miaka 18 na wa mwanamke kuwa miaka 15, na mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu hata miaka 14 kwa sababu maalumu. Kifungu cha 17 kikasema kwamba binti asiyetimiza miaka 18 aolewe kwa idhini ya baba, au ya mama iwapo baba amefariki, au ya mlezi. Yaani sheria iliyotangaza hiari ya wawili ilikiri papo hapo kwamba mmoja wao hajafikia umri wa hiari, ikamwazimia hiari ya baba yake.

Mwaka 1998 ilitungwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoitikisa nchi kwa ukali wake. Ilisema kwamba kumwingilia binti aliye chini ya miaka 18 ni kubaka, aridhie asiridhie, na adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 30. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 10, kifungo cha maisha. Hata hivyo iliacha mlango: isipokuwa kama binti huyo ni mke wa mtuhumiwa, naye ametimiza miaka 15, wala hawajatengana.

Msomaji na asimame hapa kidogo, apime. Tuseme kuna mabinti wawili jirani, wote wana miaka 16. Mwanaume wa miaka 40 anamwingilia wa kwanza nyuma ya migomba. Huyo ni mbakaji, na anastahili miaka 30 gerezani. Mwanaume mwingine wa miaka 40 anampelekea baba wa binti wa pili ng'ombe na pombe, kisha anamwingilia ndani ya nyumba. Huyo ni bwana harusi. Mwili ni ule ule, umri ni ule ule, na hofu ya binti ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba baba amelipwa. Kama miaka 16 ni utoto nyuma ya migomba, imekuwaje utu uzima chumbani? Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu ulikata mbele tu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaja na kutamka kwamba mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa, ikawa ni kosa la kifungo cha miaka 30 kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Hilo nalo lilikuwa jema, ila tazama lilivyosimama: aliyeshika daftari amelindwa dhidi ya ndoa, na aliyekwisha kuacha shule kwa umaskini hakuguswa na ulinzi huo. Ni kama kwamba sheria ilikuwa ikiilinda sare, si binti aliyeivaa. Ndiyo maana pakawa na faida ya kumwachisha mtoto shule kwanza ndipo aozwe. Sisi tunaoita majina ya mahudhurio kila asubuhi tunajua kimya kinachofuata baadhi ya majina.

Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vilikuwa kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ilikata rufani. Mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali rufani hiyo. Kwa hukumu hiyo mjadala wa mahakamani ulifika ukomo. Mjadala wa majumbani ndio haujafika. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24, wapatao 31 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18.

Haki kwa kijana pia

Anayedai haki hana budi kuidai hata pale isipomfurahisha. Sheria ya umri wa ridhaa inaweza kumwonea mtu, na mtu huyo mara nyingi ni kijana. Mvulana wa kidato cha nne mwenye miaka 19 na msichana wa miaka 17 walio darasa moja wakikosea pamoja, mbele ya sheria ya 1998 kijana huyo husimama mahali pale pale anaposimama mzee wa miaka 50 aliyemrubuni mtoto kwa fedha. Sheria iliwakumbuka wavulana wasiozidi miaka 18, ikasema mkosaji wa mara ya kwanza aadhibiwe kwa viboko tu. Lakini siku moja baada ya hapo, miaka 30 inamngoja. Hili si sawa. Na baya zaidi, baba wa msichana hulitumia kama rungu: kijana maskini hupelekwa polisi, na tajiri huitwa kuzungumza.

Wenzetu nao wanalihangaikia swali hili. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliomba nchi hiyo ifanye mjadala wa wazi juu ya vijana wanaofungwa miaka mingi kwa mapenzi ya rika lao. Afrika ya Kusini mwaka 2013, Mahakama ya Katiba ilikataa kuwafanya wahalifu vijana wa rika moja walio kati ya miaka 12 na 16. Kutokana na hayo wako wanaosema: basi tushushe umri. Sisi hatukubali. Ukishusha ukuta kwa ajili ya kijana, mzee naye ataruka. Njia iliyo ya haki ni kuuacha ukuta mahali pake, kwenye miaka 18, kisha hakimu apewe uwezo wa kutazama tofauti ya umri na mamlaka aliyokuwa nayo mtuhumiwa. Rika linalokosea pamoja lahitaji mafundisho na maonyo. Mkubwa anayewinda wadogo ndiye anayehitaji gereza.

Fimbo ya mbali

Mwisho twaitazama hoja ya wale wakatao tamaa, wasemao kwamba sheria ya Dodoma haiwezi kufika Ndama. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kuna ukweli katika usemi huo. Mashtaka ya namna hii hutaka umri wa mtoto uthibitishwe, na mwenye kuuthibitisha mara nyingi ni mzazi. Je, mzazi aliyekwisha kula mahari atakwenda mahakamani kuapa kwamba binti yake ana miaka 15? Wala jirani hasemi, kwa kuwa mambo yamemalizwa kifamilia. Kumalizana huko kwaitwa busara, lakini katika mazungumzo yote hayo binti mwenyewe hakuulizwa hata mara moja.

Lakini dawa ya fimbo iliyo mbali si kuitupa. Ni kuisogeza karibu. Kila mtoto anayezaliwa na aandikishwe, ili umri wake usitegemee kumbukumbu ya mtu mwenye deni. Serikali ya kijiji na iulize umri kabla ya kuhudhuria harusi na kutoa hotuba. Viongozi wa dini na wauone ukurasa wa cheti kabla ya kubariki. Na binti aliyepata mimba asiozwe ili kuficha aibu ya wakubwa. Tangu Novemba 2021 mlango wa kurudi shuleni umefunguliwa kwake, na ni wajibu wetu walimu kumpokea bila kumsimanga.

Ninyi wanafunzi mtakaosoma makala hii, msiamini mtu anayewaambia kwamba kuwatetea dada zenu ni kuidharau asili yenu. Kinyume chake ndicho kweli. Karagwe ilikuwa dola yenye wafalme na mifugo na wahunzi kabla Mzungu hajaiona. Haikujengwa na watu waliokula mbegu zao. Wavulana, siku moja mtakuwa baba, na dhiki itawapigia hodi kama inavyompigia kila mkulima, na mwenye fedha atafika mlangoni na bei yake. Siku hiyo mkumbuke kwamba tuliwahi kukubaliana, Wanyambo na Wahaya na Watanzania wote, kuwa kahawa haiuzwi ikiwa maua. Msimwuze binti kwa sheria iliyo dhaifu kuliko ile mliyouwekea mbuni.